Mlevi wa Sinema Anatafuta Mke

Niliwahi kuwa mlevi mashuhuri kuliko wote Élisabethville, na sijawahi kumeza hata funda moja la pombe. Nasema hivi mapema kwa sababu mpaka leo, nikiwa mzee mwenye meno ya kuhesabu, wapo watu wa rika langu wanaoniona barabarani na kuanza kupepesuka, mikono hewani, wakidhani wananisalimia. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawatazama tu wanavyopepesuka vibaya, nikijisemea moyoni kwamba kazi hii si ya kila mtu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana wa karakana ya reli, nafunga na kufungua skurubu za mabehewa siku sita za juma, na Jumapili naimba kwenye kwaya ya kanisa. Kuimba kwenyewe sikukuweza sana, lakini nilijua kusimama vizuri. Padri mmoja wa misheni, Mbelgiji mrefu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa na kamera ya sinema. Alitengeneza filamu fupi za kuwafundisha watu wa cité, yaani mitaa ya Waafrika: usafi wa nyumba, faida ya kupeleka watoto shule, ubaya wa lutuku. Lutuku ni ile pombe kali iliyochemshwa kwa siri nyuani, na serikali ilikuwa imeipiga marufuku. Kwa filamu ya lutuku alihitaji mlevi.

Akatupanga wanaume wa kwaya nyuma ya kanisa, akatuambia tutembee kama walevi, mmoja baada ya mwingine. Wenzangu walijitupa huku na huko, wakapiga kelele, mmoja akaangukia maua ya masista na kugombezwa hapo hapo. Zamu yangu ilipofika sikuyumba. Nilisimama mbele ya mlango wa sakristia, nikashika kifungo cha juu cha shati langu nikifunge. Nikakikosa. Nikakitafuta tena kwa uvumilivu, nikakifunga. Nikavua kofia ambayo sikuwa nayo. Nikabisha hodi kwa kidole kimoja, kwa heshima zote, kama mtu anayeingia ofisini kwa bwana mkubwa. Mlango ulipokawia kujibu, nikauomba radhi.

Padri hakucheka. Alinitazama, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu kwamba nimebuni tu. Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika kazi ya sinema, kwa maana sikubuni chochote. Yule alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mtia makaa kwenye mashini za reli. Ndivyo tulivyoliita garimoshi, mashini. Mzungu ndiye aliyeiendesha, na baba ndiye aliyeulisha moto. Alitoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana, akaingia reli, na kwa miaka mingi nyumba yetu ilimwona kama mgeni: alirudi sisi tumelala, akaondoka hatujaamka. Kisha moto ule ukamla macho. Akaondolewa kwenye mashini, akapewa ufagio wa kufagia karakana. Nilikuwa na miaka sita hivi. Hapo ndipo alipoanza kunywa, na hapo ndipo mimi nilipoanza kumfahamu.

Alikuwa mlevi mpole kupita kiasi. Hakumpiga mtu, hakutukana mtu. Kabla ya kuingia ndani alisimama mlangoni akifunga kifungo cha juu, ili mama asijue. Mama alikuwa anajua tangu alipokunja kona. Akijikwaa kwenye kigoda, alikiomba radhi kigoda. Alimwita mama "madame." Alivua viatu, akavipanga sambamba ukutani, akavisogeza tena mpaka viwe sawasawa kabisa, kisha akalala na nguo zake. Mimi nilikuwa nalala kwenye mkeka ule ule, nikisubiri mkono wake unitafute gizani na kunigusa kichwani. Ulinitafuta kila siku. Alifariki nikiwa na miaka kumi. Nilimpenda sana, na nalisema hili wazi kwa sababu kwenye filamu halikuonekana.

Sasa niwaambie jinsi tulivyokuwa tunalewa. Kamera ya Padri ilitiwa ufunguo kama saa ya mezani, na ukishatiwa ilizunguka kwa nusu dakika tu. Kwa hiyo nililewa nusu dakika, nikapumzika, Padri akatia ufunguo, nikalewa tena pale pale nilipoachia. Taa hatukuwa nazo, tulitegemea jua. Picha za kijijini tulizipiga Kasungami, katikati ya mashamba ya mahindi, na wingu likipita Padri alipiga kelele, "Ngoja!" Basi tulingoja, mimi nimeinua mguu mmoja, nikiogopa kuusahau ulikuwa unaelekea wapi. Mke wangu wa kwenye filamu alikuwa mjane wa parokia yetu. Alikubali kucheza kwa sharti moja: nisimguse, hata kwa ncha ya mkono wa shati. Ndiyo maana katika filamu ile nzima mlevi na mkewe wanagombana wakiwa na meza katikati. Watu waliokuja kuiona walisema Padri alikuwa na maana kubwa kuiweka meza ile.

Filamu haikuwa na sauti. Siku ya kuonyesha, bwana mmoja alisimama kando ya kitambaa cheupe na maikrofoni, akasema maneno yote kwa Kiswahili, ya kwangu, ya mke wangu na ya Mungu. Alikuwa katekista mwenye sauti ya Ijumaa Kuu. Tatizo lake ni kwamba kila alipokwenda aliniongezea dhambi. Mtaani Kamalondo nilikuwa nimeuza blanketi la watoto. Alipofika Kenya, mtaa mwingine wa mji wetu, si nchi ya mbali, nilikuwa nimeuza na mbuzi wa mama mkwe. Nilimfuata siku moja nikamwambia, "Baba katekista, mbuzi hatukumpiga picha." Akanijibu kwa utulivu kwamba watu wa Kenya wana mioyo migumu kuliko wale wa Kamalondo, bila mbuzi hawaguswi.

Mara ya kwanza nilijiona kwenye uwanja wa mpira wa mtaa wetu. Jua lilikuwa limezama tu. Kitambaa kilifungwa kwenye milingoti ya goli, injini ya umeme ikanguruma nyuma ya gari la misheni, na watu walijaa pande zote mbili, kwa sababu picha inaonekana hata ukikaa nyuma ya kitambaa, isipokuwa mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Nilikuwa nimevaa shati nililopiga pasi mara mbili. Nilipofika mlangoni kule kwenye kitambaa, nikashika kifungo, nikakikosa, uwanja mzima ukalipuka. Sijui nieleze vipi kelele ile. Nilikuwa kijana wa skurubu, hakuna aliyewahi kunitazama zaidi ya mara moja, na sasa watu elfu na ushee walikuwa wanashikana mabega kwa ajili yangu. Nilimtafuta mama kwa macho. Nikamwona anacheka, kiganja mdomoni. Nilipoangalia tena, nafasi yake ilikuwa tupu.

Nyumbani nilimkuta anasonga bukari, ugali wetu.

"Mama, umeona?"

"Nimeona." Akageuza mwiko mara mbili tatu. "Hata kifungo haukusahau."

"Umekasirika?"

"Apana. Nilikuwa nacheka na bantu. Kisha nikaona bantu bote banacheka, na ye eko peke yake pale juu. Njo nikatoka."

Akanipakulia. Nilikula, nikaanza kumweleza jinsi Padri alivyonisifu mbele ya masista. Nilisikia alichosema, lakini nilikuwa nimelewa sifa, na mlevi wa sifa hasikii haraka.

Basi nikawa mtu wa kujulikana. Watoto walinifuata wakiimba, "Mulevi! Mulevi!" Wenye baa waliniita niketi kwao, niagize chochote, mradi nionekane, nikaketi na limonadi, wakasikitika. Kule sokoni mama mmoja muuza samaki wakavu alinishika mkono akanigombeza kwa sauti nirudi kwa mke wangu. Tusidharauliane hapa: alijua vizuri kwamba sina mke. Kila mtu alijua ile ni filamu. Aliona tu kwamba ni haramu kumpata mlevi safi kama yule usimgombeze, akapata burudani yake, akanifungia samaki wawili kwenye gazeti.

Nilimwomba Padri anipe nafasi ya mtu mwema. Alinipa, nikawa mwalimu mwenye miwani katika filamu ya maji safi. Hakuna aliyenikumbuka. Miaka mingi baadaye, televisheni ilipofika mjini kwetu, nilicheza hakimu, nikacheza chifu, nikacheza babu wa kila aina, na mara zote ilifika saa mtu wa kamera akaninong'oneza, "Baba, tuwekee kidogo ule mulevi." Nilimwekea. Lakini hayo ni ya baadaye, na bila yaliyotokea kwenye ua wa mzee mmoja huko Kenya nisingeyafikia, au ningeyafikia nikiwa mtu mwingine.

Mzee huyo alikuwa na binti. Binti alikuwa anajifunza kushona kwenye fuaye, ile nyumba ya masista ya kufundishia wasichana. Alikuwa mtu pekee mjini ambaye hakunipepesukia wala kunigombeza. Siku ya kwanza tulipokutana kwenye geti la fuaye aliniangalia juu chini, akasema:

"Weye, juu ya nini uliomba mulango pardon?"

Nikamwambia mlevi hajui anachofanya.

"Apana. Mulevi anapigaka mulango. Weye uliiomba pardon. Ule muntu eko na adabu, anapombeka na adabu yake."

Nilirudi kazini, nikafunga skurubu upande mbaya mpaka bwana wa karakana akaniuliza kama naumwa. Kwa miezi mingi nilisimama kwenye geti lile kila Jumamosi, sista mmoja akitutazama dirishani na saa mkononi, na sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa msichana yule. Nilizitaka dharau zake ndogo ndogo, na vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. Yeye naye alinitaka, aliniambia mwenyewe, kwa sauti kavu, kama mtu anayetaja kipimo cha nguo.

Kwa hiyo baba yangu mdogo akaenda kwa mzee kufungua mlango, ndivyo tunavyosema, kupeleka neno la kwanza la posa. Kwa desturi unakwenda na chupa. Tulikaa tukalifikiria jambo la chupa, tukaona kwamba kwa mlevi wa sinema si busara. Baba mdogo akabeba kitenge na pakiti ya sukari. Alirudi na kitenge na pakiti ya sukari.

"Amekataa?"

"Hakukataa. Hakukubali. Aliuliza kintu kimoya tu: 'Ule mulevi wa sinema, mutoto alifundishwa na nani?' Anasema siku uko na jibu, uende weye mwenyewe."

Akavua kofia akaipiga gotini. "Anawaza unakunywa. Muntu wa kaskazini, Mukatoliki wa zamani, munamujua. Atasema hauwezi kucheza ulevi vile kama haukuiishi."

Nilikasirika siku mbili nzima. Mimi! Mtu wa limonadi! Siku ya tatu hasira ikageuka kazi. Ninyi mliozaliwa baadaye hamtaelewa, lakini sisi tuliishi kwa karatasi. Ilitakiwa karatasi ili ufanye kazi, karatasi ili uhame, karatasi ili uonekane mtu mwenye maendeleo. Tulifika mahali pa kuamini muhuri kuliko mdomo, hata kati yetu wenyewe. Nikaona kwamba mzee akitaka ushahidi, ushahidi ataupata.

Nikaenda kwa Padri, akaniandikia kwamba mimi ni Mkristo mtulivu asiyekunywa. Muhuri. Nikaenda kwa bwana wa karakana, akaniandikia kwamba sijawahi kufika kazini nikinuka. Muhuri. Nikaenda mpaka zahanati, nikamsumbua muuguzi asubuhi nzima, mwishowe akaniminya tumbo, akaandika kwamba ini langu ni zima. Muhuri, na sahihi mbili. Hakuna kijana mwingine katika mji ule aliyewahi kwenda kuposa na ini lililothibitishwa.

Kisha nikafanya lililoniuma. Padri alikuwa anaandaa filamu nyingine ya mlevi, ndefu zaidi, na watu walikuwa wanaiulizia. Nikamwambia simchezi tena yule mtu. Alifikiri namtania. Alipoona simtanii, alikaa chini kwenye sanduku la kamera yake, ndevu zake zikaonekana nyingi kwa uso wake. Nilitamani nirudishe neno. Kwenye kitambaa kile ndipo mahali pekee nilipokuwa mtu, na nilikuwa napafunga kwa mikono yangu. Lakini niliona moyoni uso wa yule msichana, nikaondoka.

Jumapili baada ya misa ya pili nikaenda Kenya, karatasi tatu ndani ya bahasha. Ua wa mzee ulikuwa umefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana, nyumba ya matofali, mabati mazuri. Mwenyewe alikuwa kando ya nyumba na beleshi, anachimbua mfereji kabla mvua hazijaanza. Mtu mfupi, mgongo umepinda, mikono mikubwa kuliko mwili. Mama mwenye nyumba aliniitikia kwa mbali akaingia ndani, kama inavyompasa mama wa binti. Binti alibaki mlangoni na ungo wa mchele, akijifanya anachambua.

Nilimsalimia mzee, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akapangusa viganja kwenye suruali, akazisoma zote tatu, taratibu, amezishika mbali na macho, mpaka mihuri.

"Hata maini bamekuandikia," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akazirudisha kwenye bahasha, akanipa.

"Mi sikuuliza kama unakunywa. Nilisikia hauko muntu wa pombe. Niliuliza ni nani alikufundisha."

"Baba, ile kazi niliiacha. Nilimwambia Padri. Ule mulevi bantu habatamuona tena."

Hapo ndipo alipokasirika. Aliuchoma mfereji kwa beleshi likasimama lenyewe.

"Ni nani alikuambia uache? Nilikutuma uache?"

Mlangoni mchele ulikuwa umenyamaza.

"Ule ni tata yako," mzee akasema. "Wala usinidanganye. Ule wa kifungo, wakati wa ufagio nilimuona vile mara mingi. Mi nilikuwa na ye ku mashini miaka munane. Nilikuwa mutoto, nimetoka kwetu sijui hata kushika beleshi, njo ye alinifundisha moto. Siku banaleta sinema hapa Kenya, nilikaa mbele. Naona bantu bote banacheka, banaanguka chini. Na mi naona yaya yangu anatafuta kifungo."

Tata, kwetu, ni baba, na yaya ni kaka mkubwa. Sikujua kwamba baba yangu alikuwa yaya wa mtu yeyote. Haya ilinipanda kutoka miguuni. Nilikuwa nimedhani natuhumiwa ulevi, nikabeba ini langu hadi pale, na kumbe shtaka lilikuwa jingine, na kwa lile nilikuwa na hatia.

"Umemuleta mbele ya bantu," akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa chini, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mangaribi yake tu. Ufagio ilikuwa imekwisha kumukamata, macho imeharibika. Ile njo uliwapa bantu. Na asubui yake? Asubui yake iko wapi?"

Ningeweza kumwambia kwamba ni sinema tu. Ningeweza kumlaumu Padri, au katekista na mbuzi wake. Nilimwambia ukweli.

"Baba, asubui yake siijui."

"Hauijui ginsi gani?"

"Alikuwa anaondoka hatujaamuka. Anarudia tumelala. Wakati nilianza kumujua, alikuwa na ufagio. Mi niko na ile ya mangaribi tu. Ile njo nilibakia nayo. Nikiifanya, naona kama amerudia nyumbani."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu hilo, hata mama. Nililisikia kwa masikio yangu kama habari ya mtu mwingine, na macho yakanijaa mbele ya msichana niliyekuja kumposa. Hasira ilimtoka mzee, niliiona inamtoka, mabega yakashuka.

"Hata siku moya haukumuona ku mashini?"

"Hata moya, baba."

Akaling'oa beleshi kutoka mferejini. Akalikwangua tope kwa kisigino, akalipangusa kwa pindo la shati mpaka chuma kikang'aa. Akachukua taulo kwenye kamba ya nguo, akajifunga shingoni, fundo moja upande wa kushoto. Kisha akafanya kitu ambacho mgongo wake ulikuwa hauwezi. Alinyooka.

Alikwenda hadi ukuta wa nyumba, akauwekea kiganja, akatulia, kama mama anayempima mtoto homa. Akatikisa kichwa kuridhika. Akafungua mlango wa moto uliokuwa hewani, akainama, akafumba jicho moja akitazama ndani kwa lile jingine, na nikajua anatazama rangi. Halafu akaanza kutia makaa. Sijawahi kuona kazi nzuri hivyo. Hakurusha kwa nguvu. Alizungusha kiwiko kidogo mwishoni, makaa yakatawanyika mahali alipotaka, tupio moja kulia, moja kushoto, moja mbali kabisa, na katikati ya matupio alivuma wimbo puani bila maneno. Mahali fulani mashinisti Mzungu alimpigia kelele, kwa sababu alijibu, "Oui, monsieur," bila kugeuka, bila kuharakisha, na bila kupunguza. Kisha akanikonyeza. Kunikonyeza kule hakukuwa kwa mzee. Mtu aliyenikonyeza alikuwa na umri wangu, alikuwa na nguvu tele na kazi aliyoijua kuliko yeyote, na dunia nzima ilikuwa inakwenda mbele kwa sababu yake.

Akatoa kiazi kitamu mfukoni. Hakikuwepo, lakini nilikiona. Akakiweka juu ya beleshi, akalisogeza beleshi mdomoni mwa moto, akangoja, akalitoa. Akakirusha kiazi kutoka kiganja hadi kiganja, akipuliza. Akakivunja. Akavitazama vipande viwili, akapima, akaninyooshea kikubwa.

"Kula, mutoto," alisema. "Njia ingali mulefu."

Ile haikuwa sauti ya mzee. Nilikuwa sijawahi kuisikia bila pombe ndani yake. Nilipokea kwa mikono miwili, nikatia mdomoni, nikatafuna, machozi yakishuka mpaka kidevuni, na sikuona haya tena. Mzee naye alitafuna kipande chake kidogo. Mlangoni binti aliwatazama wanaume wawili wanaokula hewa, na hakucheka. Nimefanya kazi ya kuigiza karibu maisha yangu yote, nimepigiwa makofi, nimepewa maua. Sijakutana na mwigizaji mwingine aliyenipa nilichopewa siku ile kando ya mfereji.

Akafungua taulo shingoni. Mgongo ukarudi ulivyokuwa. Akalishika beleshi, akaingia tena mferejini, akanipa kisogo, akaanza kuchimbua kana kwamba sipo.

"Ile ya mangaribi," alisema akiliambia tope, "endelea kuionyesha bantu ba sinema. Haina mubaya, ile pia ni ye. Lakini bajukuu yangu, utabaonyesha ile ya asubui."

Nikashukuru, nikaaga, nikatoka na bahasha yangu ya mihuri. Nilikuwa nimefika kona ya barabara ndipo nilipotambua kwamba nimepewa mke, na nikarudi mbio kuuliza kama nimesikia vizuri.